Mawe Mapya ya Jirani

Siku hizi sauti iliyorekodiwa ikikimbia, kijana anabonyeza kompyuta, mwendo unarudi. Mimi mwendo wa sauti nilifundishwa na betri, ambazo kwetu tunaziita mawe ya redio, na funzo hilo linanichoma hadi leo.

Nilikuwa mwalimu kijana pale Baraka, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, enzi za Zaire, na nilikuwa na redio ya kaseti. Mtaani hilo lilitosha kunifanya fundi, mtu wa kusalimiwa kwanza. Wenye ndugu wa mbali walikuja kwangu kusema barua zao kwenye kaseti. Desturi ilikuwa nikishabonyeza natoka nje, maana barua ya mtu ni siri yake.

Jirani yetu, mjane aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuwa na mtoto mmoja tu, mfanyakazi huko Lubumbashi. Jumamosi moja alikuja akikohoa, akafungua pindo la kitenge na kunikabidhi mawe sita mapya.

"Mwalimu, utie haya. Nataka sauti yangu imufikie muzuri mutoto wangu, kama vile niko pale."

"Nitatia, mama. Usiwe na wasiwasi."

Aliporudi kesho yake baada ya ibada, redio ilikuwa na mawe yangu ya zamani, yale niliyoyaanika juu ya mabati tangu asubuhi ili jua liyarudishie nguvu kidogo. Yake niliyaficha sandukuni kwa ajili ya muziki wa kucheza na rafiki zangu. Nilijiambia sauti ya mama mgonjwa haihitaji nguvu nyingi. Ndivyo nilivyofikiri, sina njia ya kulipamba hilo. Nikabonyeza, nikatoka nje.

Kaseti ikasafiri kwa boti hadi Kalemie, kisha kwa treni. Kabla jibu halijafika, mama yule alifariki.

Mwanawe alikuja matanga yamekwisha. Alikuja moja kwa moja kwangu, kaseti mkononi.

"Kule naicheza na umeme," alisema, "na mama anaongea mbio, sauti kama ya katoto. Batu balicheka. Hata bibi yangu wa ndoa alicheka. Mi sina sauti yake ingine. Unaweza kuitengeneza?"

Nilijua ugonjwa wa kaseti palepale. Mawe yaliyochoka yalikuwa yamezungusha utepe polepole mama akisema, na umeme ukaurudisha kwa mwendo wake kamili, ndiyo maana mama akageuka mtoto. Lakini nilimwambia kaseti imetikisika sana kwenye treni. Tena nikajigamba: nitaitengeneza sasa hivi.

Dawa ilikuwa moja, kuicheza kwa mawe yaliyochoka vilevile. Nikayatoa yale yale ya zamani, yenye kutu.

"Mbona unatia ya zamani?"

"Ndiyo itafuata mwendo," nikasema.

Nikabonyeza. Mara ya kwanza mama alikoroma, mwendo ukiwa chini mno. Nikayatoa mawe mawili, nikayasugua na kuyarudisha. Na mama akaongea. Ni yeye kabisa, na kikohozi chake. Mwanawe akainama, akafunika uso. Nilipaswa kutoka nje, kama desturi ilivyotaka. Sikutoka, nilitaka kusifiwa.

"Mwanangu, niko muzima kidogo," mama alisema. "Sauti hii usione ni ya bure. Kuku yangu ya mwisho niliibadilisha na majiwe mupya. Mwalimu ameyatia yote sita. Ni muntu ya kweli. Siku utarudia huku, umushukuru."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mezani pangu mwenyewe. Mwanawe aliinua uso, akayatazama mawe yale yenye kutu, moja moja, kisha akanitazama mimi. Nilingoja anitukane. Nilitamani hata anipige.

Akatoa kaseti yake, akasimama, akanipa mkono.

"Mama alisema nikushukuru," alisema. "Aksanti, mwalimu."