Muogeleaji wa Benchi

Muogeleaji wa kambi yetu hutembea kama yuko majini, mabega mbele, miguu ikifuata kivivu. Mama yake hakujua kuogelea, lakini kila jioni alisimama kando ya bwawa, na kijana alipofika ukutani alimfokea, "Geuka mbio!" Mama alipofariki, desturi ilimkataza kijana kugusa maji hadi matanga yaishe, na majaribio ya timu ya chuo kikuu kipya cha Élisabethville yalikuwa yamekaribia. Basi akalala kifudifudi juu ya benchi, katikati yetu waombolezaji, akipiga mikono hewani. Wazee wakasogeza vikombe vyao. Mara mikono ikasimama, ikaning'inia. Mama yake mdogo, aliyekuwa akimenya mihogo, hakuinua hata macho. "Umefika ku ukuta, mutoto yangu," akasema. "Geuka mbio."