Ewoi Nyuma ya Pazia

Kaa hapa karibu nikueleze kwa nini juzi niliinamisha kichwa katikati ya filamu. Vijana wa Kakuma walituletea Lodwar filamu yao ya kutisha, kuhusu wazazi waliofiwa ambao nyumba yao ina mzimu. Mama wa kwenye filamu alipomwita mtoto wake aliyekufa, watu walipiga kelele. Mimi niliona kwetu.

Kaka yangu Ewoi alipofariki, nyanya alitaka tuhame, kama wafugaji wanavyohama boma wakifiwa. Baba alikataa kuiacha nyumba ya mabati. Mimi sikuelezwa kitu; kwa akili yangu ya kitoto, tulibaki kwa sababu Ewoi bado yumo ndani. Kila alasiri, mabati yakilia kwa joto, nilimsikia mama akimnong'oneza nyuma ya pazia.

Siku moja wenzangu walisimama mlangoni.

"Akiru, kwenu kuna shetani!"

"Hakuna! Ni Ewoi tu."

Walicheka. Nikafunua pazia niwaonyeshe. Mama alikuwa amekumbatia viatu vidogo vya Ewoi vya akala, vinavyonuka mpira wa tairi na vumbi, na baba ameketi kando yake.

"Mama, mbona Ewoi ananinyamazia mimi tu?"

Mama alifunika uso. Baba akasema, "Nenda nje, Akiru." Nilitoka kwa aibu, nikiamini nimemkosea kaka yangu. Leo najua sikumkosea, lakini aibu ile haijanitoka.

Ukienda kwa waliofiwa na mtoto, mtafute yule mtoto aliyebaki, keti naye, umwambie wazi kwamba ndugu yake amekufa.