Matuta Yaliyonisubiri

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikiona korongo wamekusanyika malishoni tayari kwa safari ya kurudi kwao kaskazini. Wewe ni mjukuu wangu, najua, lakini ulimi umezoea "mwanangu", univumilie. Juzi uliponipandisha hadi hifadhini Mbizi, ukanipa darubini yako nitazame ndege pamoja na wageni wako, nililia. Ulidhani ni upepo. Nilikuwa namkumbuka baba mkwe wangu.

Nilitoka Chala kuja kuolewa hapa. Hata mwaka sijamaliza, babu yako akaenda Kasesya kuwa utingo wa malori ya mpakani, nikabaki na wakwe. Ukafika mwezi wa tatu, wakati wa kulima ntumba, yale matuta ya duara ambamo sisi Wafipa tunafukia majani mabichi yaoze, ili mvua zikirudi tuyabomoe na kupanda ulezi. Kazi ile huifanyi peke yako. Unapika pombe ya ulezi, unaita majirani, wanalima, wanakunywa. Mwaka ule pombe ilikuwa yangu, bibi harusi aonyeshe ujuzi wake.

Basi nikakiharakisha kimea. Sikukiacha kichipue vizuri, nikakianika, nikasaga, nikapika. Kikatoka kitu kama maji ya kuoshea sufuria! Majirani wakaonja, wakatazamana, wakacheka, na jua halijapanda sana majembe yako mabegani, kila mtu amekumbuka shughuli zake. Shamba likabaki nusu. Mama mkwe akasema mbele yao wote, "Kwani huko Chala wasichana hawafundishwi hata kupika pombe?" Mwanangu, aibu ile niliisikia mpaka magotini.

Nikaamua kuondoka bila kumwambia mtu. Asubuhi yake, mama mkwe akiwa kisimani, nilifunga nguo zangu kwenye kanga nikapita nyuma ya nyumba. Lakini njia ya kwenda barabarani ilipita kando ya shamba, na baba mkwe alikuwa pale peke yake, analima ile nusu iliyobaki kwa sababu yangu. Korongo walikuwa wanamfuata nyuma ya jembe, wanaokota panzi na funza. Aliutazama mzigo wangu, akasimamisha jembe.

"Njoo uwaangalie hawa kwanza," akasema.

Nikasimama. Ningefanyaje? Jua lilipopata nguvu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, miguu myekundu imenyooka nyuma, wakawa wanazunguka juu ya shamba letu, wanapanda polepole bila hata kupiga mabawa, mpaka shingo zikatuuma kwa kuangalia juu. Kisha wakashika njia ya kaskazini.

"Kila mwaka huzunguka hapa kabla ya kwenda," akasema. "Mimi nasema wanaaga. Labda hawaagi, mimi si ndege. Ila mvua zikianza wanarudi, na hakuna anayewauliza walikuwa wapi."

Hapo akanigeukia, sauti ikawa kali. "Wewe unapita nyuma ya nyumba yangu kama mwizi. Nimekukosea nini? Kama umechoka, nenda kwenu, sikuzuii. Lakini rudi umuage mama yako, utoke kwa mlango wa mbele. Ukienda hivi, siku ukitaka kurudi utaona haya hata kupiga hodi."

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo. Nikamwambia, "Mama, naenda kwetu kidogo." Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha ulezi. "Mpelekee mama yako," akasema. "Na lile neno la jana lilinitoka vibaya."

Kwetu nilipumzika, na mama akanifundisha kimea upya. Mvua zilipokaribia nikarudi, nikapiga hodi mlango uleule. Baba mkwe akanipeleka moja kwa moja shambani. Matuta niliyokuwa nimeyalima mimi kabla ya ile aibu alikuwa ameyaacha bila kuyagusa. "Haya ni yako," akasema. Nikayabomoa kwa mkono wangu, nikapanda ulezi, na korongo wakarudi nikiwa palepale. Pombe iliyotoka kwenye ulezi ule, majirani waliinywa mpaka wakaimba! Baba yako alizaliwa katika nyumba ile. Namshukuru mzee yule kila siku ya Mungu, kwa kunikaripia na kwa kuniachia matuta.

Sasa nisikilize. Begi lako nimeliona chini ya kitanda. Najua umepata kazi Arusha ya kuwaonyesha wageni ndege, na najua baba yako amekwambia kuangalia ndege si kazi, mkaacha kusalimiana. Nenda, mwanangu. Sikuzuii, kama nami sikuzuiwa. Ila usiondoke kabla hajaamka. Mgongee mlango, mwambie, "Shikamoo baba, naondoka." Akinuna, anune, ana kichwa kigumu kama bibi yake, yule mama mkwe wangu. Atanuna, kisha mvua zikianza atakuwa anachungulia barabarani.

Mungu akutangulie njia yote, akupe macho ya kuona na watu wa kukupokea, na akurudishe nyumbani ungali na furaha. Uje wakati wa korongo. Kimea nitakianza mapema.