Kiputo Ndani ya Mpira

Hausabai alirudi kutoka kwenye mafunzo ya viongozi wa kamati za bonde akiwa na cheti, mpira mwangavu wa maji wa kupimia usawa wa ardhi, na fimbo mbili zenye alama. Siku kumi na mbili alikuwa wilayani akijifunza kuyapunguzia mbio maji ya mvua mlimani. Hapa kijijini kwetu Pimpaldara hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza kitu zaidi ya jiko lake, na Kondiba, kaka wa mumewe, hakuchoka kumkumbusha.

"Shemeji, hayo maji yatakusikia?"

"Yatanisikia kuliko wewe."

Tulicheka, lakini tulimfuata. Mwezi mzima wa Mei, kila nyumba ikitoa mtu mmoja, tulichimba mitaro kumi na miwili kukata mteremko. Yeye mbele akipima, sisi nyuma na majembe.

Mtaro lazima ulale sawa. Ukiinama, maji yote hukimbilia upande mmoja, huvunja tuta na kushuka kwa mkupuo. Mpira hujazwa maji, na maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja, ila hewa ikiingia hudanganya. Kwa hiyo mafunzoni waliambiwa: kabla ya kupima, zikutanishe ncha mbili za mpira. Maji yakipishana, kuna hewa ndani. Usipime.

Mwanzoni mwa Juni mawingu yalianza kukaa juu ya kilima. Hausabai alikuwa akiusuuza ule mpira alipoona kiputo kimenasa penye kunyanzi, kidogo kama punje ya mtama. Alikumbuka mtaro wa mwisho, watu wameegemea majembe, Kondiba akipaza sauti, "Vipi, mpira umelala?" Siku ile aliona haya, akapima bila kuzikutanisha ncha.

Chini ya mtaro ule ndipo ilipo nyumba ya Kondiba. Watu sita, nyati wawili wa maziwa.

Alipanda na binti yake, wakapima upya. Ncha ya magharibi ilikuwa chini kwa shibiri nzima. Ngurumo ya kwanza ilimkuta huko huko. Angenyamaza, pengine tuta lingeshika. Angesema, hakuna ambaye angemwamini tena, wala kumtuma mwanamke mwingine mafunzoni. Alishuka, akamkuta Kondiba anakula mkate wa mtama.

"Kaka, toeni watu. Mtaro wa juu yenu nimeukosea."

"Umeukosea vipi?"

"Umeinama. Ni mimi. Sikuangalia mpira."

Kondiba aliacha kutafuna. "Na cheti chako kilisema nini?"

"Nitukane ukiwa kwangu. Toa watoto."

Alimtazama usoni, na kile alichokiona kilimwinua. Mkewe alibeba mtoto na debe la unga, Kondiba akafungua nyati. Mvua ilishuka kabla ya saa kumi. Tukiwa tumebanana barazani kwa Hausabai, tulisikia kitu kama gari la mawe likimwagwa. Mvua ilipopungua tulitoka kutazama. Ukuta wa jiko la Kondiba haukuwapo, na tope lilikuwa limefika kwenye mafiga.

Kondiba aliliinua figa moja kutoka topeni. Halafu akauliza taratibu, bila utani, "Shemeji, na ile mingine kumi na mmoja?"

Hausabai alitazama nyumba zetu zilizotapakaa chini ya kilima, na moshi uliokuwa ukianza kutoka mapaani.

"Sijui," alisema, akimnyooshea ncha moja ya mpira. "Shika ncha hii. Wengine waambieni watoke, wasirudi ndani."