Kula ya Kaka Yangu

Nikisema niligombea uenyekiti, watu wa Kigali wananiuliza wa umudugudu gani, yaani wa mtaa upi. Hakuna umudugudu, jamani. Ni mchezo wa kwenye mtandao. Kila mtu anaanzisha nchi yake ya kubuni, anaipa bendera na sheria, kila siku anaulizwa maswali, shule ziwe za bure au za kulipia, jeshi liongezwe au lipunguzwe, na nchi inanenepa au inakonda kufuatana na majibu yake. Halafu nchi zinajiunga kwenye umoja. Umoja wetu ni wa watu wa Kiswahili, wengi tuko hapa Kigali, wengine Bujumbura, Goma na Mwanza, na tuna jukwaa letu la kupigiana kelele. Ni watu wazima wenye kazi na watoto, na wanaweza kununiana wiki mbili kwa ajili ya mpaka wa nchi ambayo haipo.

Mimi niliingizwa na kaka yangu. Tulikulia Bujumbura, tukaja Kigali tukiwa wakubwa, yeye akawa mwalimu wa jiografia na mimi mwandishi wa barua za wakubwa katika ofisi moja Kacyiru. Nchi yake aliijenga miaka sita. Ilikuwa na reli, mito yenye majina na katiba ya kurasa arobaini ambayo ilisomwa na watu wawili tu duniani, yeye na mimi, na mimi nilisoma kwa kulazimishwa. Nchi yangu ilikuwa kisiwa kimoja chenye ng'ombe.

Kisha kaka akaugua. Aliacha kulala, akaanza kusema simu inamwita kwa jina, mwishowe akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Tukampeleka Ndera. Kwa asiyejua, Ndera ni mashariki ya mji, kuna mashamba, kuna nyumba mpya zinazochomoza kila wiki, na kuna hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa sababu ya hospitali hiyo jina la mahali pazima limegeuzwa tusi. Ukikosea kitu kidogo ofisini mtu anakuuliza umetoka Ndera saa ngapi, na watu wanacheka. Mama akatoa amri: tukiulizwa, tuseme kaka amerudi Bujumbura kwa shangazi.

Kila Jumapili baada ya misa nilipanda basi kwenda kumwona. Wiki za mwanzo hakusema kitu. Siku moja nikiwa namenya chungwa akafungua mdomo.

"Nchi yangu iko?"

"Iko," nikamjibu.

"Umeiona?"

"Nimeiona jana."

Akala chungwa lake. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Hakumuuliza mama, hakuuliza kazi yake, hakuuliza mimi niliyesimama kwenye basi mwendo wote huo niko vipi. Nchi yangu iko? Daktari akaniambia swali hilo ni zuri, nisilipuuze. Basi nikampa simu yangu aitazame nchi yake mwenyewe, akarudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. Nikamwomba neno lake la siri ili niingie kwa niaba yake. Akaniangalia kwa dharau ile ile ya tangu utotoni.

"Nchi haiazimishwi," akasema.

Sasa hapo ndipo akatokea yule bwana. Mtanzania, anakaa mapokezi kwenye hoteli moja Kiyovu, shati limenyooka, Kiswahili kimenyooka kuliko shati. Alitangaza anagombea uenyekiti na sera yake ilikuwa neno moja: umuganda. Kama sisi wa Kigali tunavyofagia mtaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alisema, na umoja nao ufagiliwe. Nchi yoyote ambayo mwenyewe hajaingia kwa miezi mitatu itolewe nje. Uwezo huo mwenyekiti anao, na nchi ikishatolewa mchezo unaisubiri mwezi mmoja tu kisha unaifuta, bendera, reli, katiba, yote, na hairudi tena.

Kaka alikuwa ameshapita miezi mitatu. Siku ya kwanza ya ufagio huo ilikuwa siku yake.

Na mkazi gani wa Kigali atasimama kupinga umuganda? Khaa! Walishangilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Nikaandika kwa upole kwamba tungewasubiri wenye nchi, pengine wana shida zao. Mtu mmoja wa upande wangu kabisa, ambaye mpaka leo ananiita dada, akajibu: "Tuwasubiri nini? Labda wenyewe wako Ndera." Wakafuata watu na vijisura vya kucheka, safu kwa safu. Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena, kwa sababu ya amri ya mama. Mwisho nikaandika neno moja: "Nagombea."

Tangazo langu la kwanza niliandika ndani ya basi kutoka kazini, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye bomba. "Nipeni kula, nitawalinda wote."

Mungu wangu. Anayekaa hapa anajua. Kinyarwanda hakitofautishi r na l kama Kiswahili, kwa hiyo mjini kwetu kura na kula ni ndugu mapacha, mtu anasema hii akimaanisha ile na maisha yanaendelea. Lakini mimi? Mimi niliyekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili kinaongewa mlango kwa mlango? Haraka ndiyo iliniponza. Kwa wiki nzima nilitumiwa picha za sahani. Maharage, ugali wa muhogo, ndizi. "Umeshiba, mgombea?" Na yule bwana wa Kiyovu akaweka somo la adabu kabisa: kura ni ya sanduku, kula ni ya sahani.

Angeishia hapo ningemsamehe. Hakuishia. Alipeleka pendekezo kwamba kila kura iandikwe kwa maneno kamili, na iliyoandikwa "kula" ihesabiwe imeharibika. Likapita! Likapitishwa na watu ambao nusu yao waliandika "nakubari" kwenye kulipitisha. Nilitamani kuvunja simu.

Nikamwomba tuonane, tukakutana kwenye duka la maziwa karibu na kituo cha basi. Aliagiza maziwa mgando, akafuta mdomo wa glasi kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Dada, mimi sina ubaya na mtu," akasema. "Lugha ina kanuni."

"Na mtu akiandika kula, wewe huelewi anamaanisha nini?"

"Naelewa."

"Sasa?"

"Kuelewa siyo kukubali, dada yangu."

Ukabishane na mtu huyo! Angekuwa mkorofi ningefurahi. Alilipia maziwa yangu na akanisindikiza mpaka kituoni.

Toka siku hiyo kampeni yangu ikawa hiyo hiyo moja: kula ni kura. Niliandika asubuhi, niliandika wakati wa chakula cha mchana, kwamba mtu akishaonyesha anachotaka, mhesabie, usimfute kwa herufi moja. Sikuweza kusema kwamba nilikuwa namsemea mtu aliyefutwa tayari na mama yake mwenyewe. Na kwa kuwa pendekezo lake lilikuwa limeshapita, niliwafuata wapiga kura wangu mmoja mmoja kuwafundisha. R ya Rwanda. Siyo l ya kulala. Andika, nione. Futa, andika tena. Mwanamume mmoja mwenye ndevu na mke wa ndoa alinitumia majaribio matano kabla hajapatia.

Kura zilipigwa kwa wiki nzima, mwisho Jumapili saa kumi na mbili jioni. Jumapili hiyo nilifika Ndera nimechoka na watu wote wa dunia hii na ya mchezoni.

"Nchi yangu iko?" kaka akauliza.

"Iko, lakini wanataka kuifuta!" Ikanitoka tu. Nikamwambia yote, umuganda, sahani, r na l, kwamba nimegombea kwa ajili yake na sijui kama nitashinda. Aliacha kutafuna. Nikajilaumu pale pale, nikaangalia kama muuguzi amesikia.

Kaka akanyoosha mkono. "Lete simu."

Aliishika kwa vidole viwili. Akanigeuzia mgongo wakati wa kuandika neno lake la siri. Halafu akasoma. Nusu saa nzima alisoma, sera zangu, sera za yule bwana, mabishano yote, akirudi juu na kushuka chini kama anasahihisha mitihani. Kisha akaandika, polepole, akanirudishia.

"Nimemaliza."

Sikutazama mbele yake. Moyo ulikuwa umejaa. Nchi imeamka, ameingia mwenyewe, hata nikishindwa hakuna wa kuifagia leo. Nikapanda basi saa tisa nikitabasamu peke yangu, nikafungua jukwaa nione kaka yangu alivyonipigia kura.

Aliandika: "Natoa kula yangu kwa huyu bwana wa usafi. Nchi isiyo na mtu wa kuiangalia ni pori."

Weee! Nilipiga kelele ndani ya basi. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake. Miezi minne ya machungwa! Nimetukanwa, nimetumiwa maharage, na mtu ninayempigania anampigia kura mpinzani, tena anakosea na herufi!

Saa kumi na mbili nilikuwa jikoni. Msimamizi wa uchaguzi wetu ni mama mmoja muuza vitenge, hana haraka na hana upendeleo. Akaandika: mimi kumi na nane, yule bwana kumi na saba. "Kula zilizohalibika ni mbili, hizo hazina mwenyewe."

Nikazitafuta. Moja ilikuwa ya mtu wa Goma, nyingine ya kaka, na zote mbili za yule bwana. Mimi nilikuwa nimefundisha watu wangu herufi mpaka wakanichukia. Yeye aliamini wa kwake wanajua Kiswahili.

Naye, kama kawaida yake, hakunipa hata nafasi ya kumchukia. "Kanuni ni kanuni. Hongera sana, dada mwenyekiti."

Watu wangu wakaanza kushangilia. Nami nilitaka kunyamaza, sitaficha. Nilikuwa nimeshinda. Nilianza hata kuandika shukrani. Lakini yale maneno ya mama msimamizi niliyarudia kusoma: hazina mwenyewe. Hazina mwenyewe vipi? Nimemwona mimi, kwa macho yangu, akisoma nusu saa. Kuna mtu mwingine yeyote kwenye umoja ule aliyesoma sera zetu nusu saa?

Nikaandika: "Zihesabiwe zote mbili. Nimesema mwezi mzima kula ni kura."

Wakanirukia watu wangu wenyewe. Mmoja akasema wamechoka kupigania mtu asiyejitakia mema. Mwingine akauliza hiyo nchi iliyolala miezi minne imeamkaje leo, isije ikawa kuna mtu ameingia kwa ujanja. Na yule yule wa mzaha wa Ndera, anayeniita dada, akaandika: "Dada, umetoka Ndera au?"

"Ndiyo," nikaandika. "Nimetoka Ndera saa tisa. Mwenye kula hiyo ni kaka yangu, amelazwa pale. Ameandika kwa mkono wake na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ihesabiwe."

Sufuria ilichemka, nikaipunguzia moto, nikarudi kwenye simu. Kisha yule bwana wa Kiyovu akaandika mstari mmoja: "Mama msimamizi, tafadhali hesabu." Yule mama akahesabu upya. Yeye kumi na tisa, mimi kumi na nane.

Ilibidi nimwambie mama yangu usiku ule ule, kabla hajaambiwa na jirani. Alininunia siku nne. Alinipikia, lakini sahani aliiweka mezani bila kunitazama.

Jumapili nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kaka, hotuba nzima nilishaipanga kwenye basi.

"Nchi yangu iko?"

"Iko," nikasema. "Na uchaguzi nimeshindwa, asante kwa kuuliza. Kwa kura moja."

Akainua macho. "Moja?"

"Moja."

"Walikubali niliyoandika?"

"Uliandika kula, kaka. Mwalimu mzima! Waliitupa, nikapigana nao mpaka wakairudisha."

Aligeuza chungwa mkononi, halijamenywa. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua anatafuta maneno ya kuniomba radhi, nikaanza kulainika.

"Kwa hiyo mimi nimehesabiwa," akasema.

Hotuba yangu yote ikapotea. Akanipa chungwa nimmenyee, akanyoosha mkono mwingine aletewe simu.