Ndege Tuliowafukuzia kwa Jirani

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku bibi yangu alipomgombeza baba mbele yetu watoto, kule shambani Michenga, mpunga ukiwa ndio unaanza kujaza punje. Siku nyingi za utoto wangu zimenipotea, lakini hiyo imebaki, pamoja na harufu yake ya matope na majani mabichi. Jana imenirudia tena, Devota, ulipokaa hapa kwangu Lumemo ukinieleza habari za utafiti wako.

Ulieleza vizuri, sina ubishi. Teknolojia, kufanya kazi kwa pamoja, watu kugawana maarifa. Mjukuu wa dada yangu amefika chuo kikuu, nami nakusikiliza kifua mbele. Ukasema umegundua wakulima wa Michenga wana kundi lao kwenye simu. Ndege wakitua upande mmoja, mtu anatuma sauti, na wa upande wa pili wanajiandaa. Ukasema wenzako wa timu hawajaliona jambo hilo. Halafu ukashusha sauti, ingawa tulikuwa sisi wawili tu na kuku, ukaniambia, "Bibi, hili siwaambii wenzangu. Naliandika mwenyewe kwanza."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, ukadhani nakucheka. Kweli nilikuwa nakucheka. Mtu anatafiti jinsi watu wanavyogawana maarifa, na ya kwake kayafungia sandukuni! Lakini ulipoondoka kicheko kiliisha, nikaanza kumkumbuka baba.

Ninyi siku hizi mnakwenda shamba asubuhi kwa pikipiki, jioni mko mjini. Sisi tulihama. Nyumba ilifungwa, tukabeba sufuria, mikeka na kuku, tukaishi shambani mpaka mavuno. Mpunga ulipotoa masuke, sisi watoto kazi yetu ilikuwa kushinda juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, tukiamia ndege. Tulipiga madebe, tulirusha matope kwa kombeo, tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Kila upande wa bonde walisikika watu wakiimba, wakitaniana, wakiwatukana ndege kwa Kindamba na Kipogoro. Ee Mungu wangu, nazitamani kelele zile. Leo nikipita njia ya Michenga naona kama bonde limenyamaza, kumbe maneno yote yamehamia kwenye simu zenu.

Mwaka ule baba alitoka vibaruani upande wa Kidatu, kwenye miwa, akarudi na kamba za nailoni na makopo matupu. Alikuwa na mikono ya ufundi, huyo mtu. Akachomeka nguzo shamba zima, kila nguzo akaifunga kipande cha mwanzi, kamba akaipitisha ndani ya mwanzi iteleze, na makopo yenye kokoto akayaning'iniza. Mtu mmoja akivuta kutoka dunguni, shamba zima linalia. Wengine walishajaribu kamba kabla yake, zikawa zinanasa na kukatika. Wao hawakuwaza kutumia mwanzi.

Kaspari, jirani yetu tuliyepakana naye kwa tuta, alikuja kuuliza. Mke wake alikuwa amejifungua karibuni, na hawakuwa na watoto wakubwa wa kuwasaidia kuamia. Alisimama kwa mbali kidogo, kwa adabu, akasema, "Bwana Alberti, kamba zako hazinasi. Unafanyaje?"

Baba akatazama pembeni. "Bahati tu, bwana," akajibu.

Kaspari akashukuru, akarudi kwake. Na sisi watoto tuliona baba yetu ni mjanja kweli kweli.

Basi kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wakija kwetu tunavuta, wanainuka wote, wanatua kwa Kaspari. Yeye anakimbia juu ya tuta na debe lake, mke wake upande wa pili na mtoto mgongoni. Kwa siku za mwanzo tulijiona tumeshinda. Lakini ndege mwenye chakula hapo jirani haendi mbali. Walilala kwenye matete ya karibu, alfajiri wakawa wameshafika, na polepole wakayazoea makopo yetu. Ikafika mahali tunavuta mpaka viganja vinachubuka, nao wanaruka kidogo tu, wanarudi kula. Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Mama alikuwa akishika suke lililoliwa, analipima mkononi, analitupa majini. Hilo lilinitisha kuliko njaa yenyewe.

Ndipo bibi, mama yake baba, alipopanda dunguni. Alikuwa mwanamke wa Mahenge, maneno yake machache na makali. Alikaa asubuhi nzima akitazama tu, kamba hakuigusa. Halafu akamwita baba, naye akaja akasimama chini ya dungu.

"Alberti, ndege hawa unawafukuza, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Unawapeleka wapi?"

Bibi akanyoosha mkono kwa Kaspari, ambako yule mzazi alikuwa anapiga sufuria aliyopikia, mtoto analia mgongoni. "Unawapeleka pale. Wanakula kwa mtoto mchanga, wakishiba wanarudi kwako na nguvu mpya. Haya, endelea kuvuta." Akashuka, akaenda jikoni.

Baba aliketi kwenye tuta, miguu majini, kwa muda mrefu. Nilimhurumia sana, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata kitu kizuri akaogopa kitapungua. Kisha akainuka, akakata mianzi, akabeba kamba na makopo yaliyobaki, akavuka tuta. Nilimfuata. Akamweleza Kaspari kila kitu, nguzo zinavyokaa, mwanzi unavyotobolewa, kamba inavyopita.

Kaspari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Uliniambia bahati."

Baba alibaki amesimama na mianzi yake mkononi, mtu mzima na ndevu zake. Mwingine angemfukuza, na angekuwa na haki. Kaspari akaipokea ile mianzi, wakaanza kazi.

Na hapo, mwanangu, ndipo baba alipojifunza asilolijua. Kaspari alikuwa amewakimbiza ndege wale kwa miguu yake, akajua wanatokea wapi na wanatua vipi. "Ninyi mnavuta hovyo," alisema. "Waacheni watue kwanza, halafu tuvute kwa pamoja, kwako na kwangu. Na makopo tuyahamishe kila asubuhi wasiyazoee." Baba na ufundi wake wote hakuwa amefikiria hivyo. Majirani wengine wakaja, kamba zikaungwa shamba kwa shamba, na kishindo kikawa kishindo kweli. Ndege wakaondoka.

Tulivuna pungufu, lakini tulivuna. Kwa Kaspari, karibu nusu ya shamba ilikuwa makapi. Baba akawaita waje wavune pamoja nasi na tugawane, na mwaka ule tuliumalizia kwa mihogo, wao na sisi.

Baba na Kaspari waliishi kama ndugu hadi uzeeni. Ila kila baba alipomweleza jambo, hata habari ya mvua tu, Kaspari alimtania mbele ya watu: "Hiyo ni kweli, au ni bahati?" Watu wanacheka, baba naye anacheka, lakini mimi nilimwona akiinamisha macho kabla ya kucheka. Alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho wake, aliniambia kwamba angepewa siku moja airudie, angeichagua ile Kaspari alipokuja kuuliza kwa adabu.

Basi, Devota, na wewe kijana mwingine unayesikia haya, sisemi hofu yenu ni ya kijinga. Wapo watu wa kuchukua kazi ya mwenzao wakaipachika jina lao. Jambo lako mweleze mwalimu wako, aandike kwamba wewe ndiye uliyeliona. Lakini wenzako waambie, na uwaambie leo, kabla hawajakuuliza. Wakishauliza ukawapa jibu la pembeni, hata ukija kuwaambia kweli watakuwa wanalikumbuka lile la kwanza. Tena yapo wanayoyajua wao ambayo wewe huyajui, na hutayasikia ukiwa umefunga mdomo. Na watu wa Michenga waliokufungulia kundi lao, ukimaliza warudie, uwasomee ulichoandika, kwa Kiswahili wanachokielewa.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu, na akili isiyochoka. Akupe wenzako wa kukuinua ukianguka. Na siku ile watakapolitaja jina lako chuoni, usimame na joho lako, awajalie wenzako wakupigie vigelegele kwa furaha ya kweli. Amina.