Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana jina la shujaa wa Kiajemi, na usiniulize ni lipi. Kwetu Tanga mwanamke hamtaji mkwe wake kwa jina. Mimi nina kichwa kigumu kwa mengi, lakini si kwa hilo. Wanawake wa Kizulu hapa Durban wananielewa mara moja, maana na wao wana mwiko huohuo. Mwanangu alipozaliwa akapewa jina la babu yake, basi mimi peke yangu nikamwita Babu. Miaka minne mizima: Babu njoo ule, Babu vaa viatu.

Jina lenyewe nalipenda, sifichi. Washairi wa Uajemi wamelisifu, wafalme wamewapa watoto wao, likasafiri mpaka likafika kwetu pwani. Tukimpigia mzee simu, husimulia jinsi shujaa huyo alivyoua zimwi jeupe, na farasi wake aliyekataa kupandwa na mwingine yeyote. Na kisa kimoja hukisema kwa sauti ya chini: vitani, kijana alimwuliza shujaa jina lake, naye akagoma kulitaja. Wakapigana, akamuua. Kumbe ni mwanawe wa kumzaa.

Jumapili moja tulikwenda ufukweni South Beach, watu wamejaa pomoni. Niliinama kufungua chupa ya chai, kuinuka, Babu hayupo.

"Babu! Babuu!"

Wazee wawili wa Kitanzania wakageuka. Mtoto kimya. Mawimbi yalikuwa makubwa siku hiyo.

Jirani yangu wa Greyville, Mkongomani, msusi, tuliyekuja naye, akanishika bega. "Maman, ita jina yake ya kweli! Mwenye amemuokota, mtoto atamuambia jina ile, hatasema Babu!"

"Siwezi. Ni la mkwe."

"Eish! Bahari iko pale, na wewe unaona haya?"

Nikamkumbuka yule kijana wa vitani. Nikalitoa jina. Nililipigia kelele ufuko mzima, tena na tena, mpaka koo likawaka, mkwe au si mkwe!

Kule kwenye mabomba ya kuogea, mama mmoja akamnyanyua mtoto juu ya vichwa vya watu. Alikuwa wangu, mchanga mpaka kwenye nyusi, anakula aiskrimu ya wenyewe. Nilimchapa kofi la matako, halafu nikalia mimi.

Jioni nikapiga simu Tanga. "Baba, nisamehe. Leo nimekutaja mbele za watu." Nikamweleza yote.

"Tangu mama yangu afariki, hakuna mwanamke aliyeniita jina hilo," mzee akasema. "Hebu litaje tena, mwanangu, nisikie."

Nikalitaja, taratibu.

Mzee wa watu akaitika, "Labeka."